Kona Aliyoiomba Dominga

Kila siku Salvacion alipika wali wa asubuhi na wa mchana kwa pamoja, akala na dagaa wakavu, kisha akateremka chini ya nyumba kufuma. Mtambo wake wa kufumia ulikuwa wa mbao nzito. Ulikaa pale ambapo zamani baba yake aliweka magunia ya mpunga. Wapita njia walisikia tak, tak, tak, nao wakajua kwamba Salvacion yuko kazini. Vitambaa vyake viliuzwa hapo mjini kwao Miagao na mpaka jiji la Iloilo.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Hakuwa ameolewa. Aliishi peke yake katika nyumba kubwa ya wazazi wake, kando ya barabara kuu. Kiwanja kilikuwa kirefu. Mbele kulikuwa na nyumba, katikati mifenesi na mianzi, na nyuma kabisa kona yenye majani matupu, inayotazama mto.

Baba yao alitangulia kufa. Mama alifuata baadaye, baada ya kuugua kwa muda mrefu kitandani. Hawakuacha wosia. Waliacha watoto watatu: Salvacion, Rustico, na kitinda mimba wao Dominga.

Ni Salvacion aliyemuuguza mama. Alimgeuza kitandani, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko. Alilipa kodi ya ardhi kila mwaka. Paa lilipovuja, alitafuta fundi. Kwa hiyo moyoni mwake alikuwa ameshakata shauri: nyumba hii ni yangu. Hakulisema neno hilo kwa sauti, lakini hati ya ardhi aliiweka ndani ya kabati lake, na ufunguo wa kabati aliuvaa shingoni pamoja na rozari.

Rustico alikuwa fundi wa injini za boti. Alikuwa na mke na watoto watano, nao walibanana katika nyumba ya kupanga karibu na soko. Mwaka mmoja baada ya kumzika mama, alikuja, akakaa kwenye ngazi.

"Dada, tuuze," alisema. "Kuna watu wanataka viwanja vya barabarani. Tugawane pesa, kila mtu ashike lake."

"Uuze wapi? Hapa?"

"Hapa. Nyumba ni kubwa, wewe uko peke yako. Mchwa wanakula zaidi yako."

"Na mimi nikalale wapi? Sokoni, juu ya meza ya samaki?"

"Utanunua nyumba ndogo nzuri."

"Rustico, mama alifia chumba kile pale. Ukitaka kuuza, uza injini zako."

Rustico alicheka kidogo, akaondoka. Hakuwa amekasirika bado.

Dominga alikuwa mbali, Manila, akimtunza bibi mmoja tajiri aliyepooza. Mume wake alikuwa amekufa, naye alibaki na binti mmoja, Liezel. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka, wakati wa sikukuu ya mji. Alikuja na biskuti za makopo, sabuni za kunukia na vicheko.

Mwaka ule alimshika dada yake mkono, wakatembea mpaka nyuma ya kiwanja.

"Dada, mimi sitaki nyumba," alisema. "Kaa wewe, ni haki yako, umeteseka na mama. Mimi nipe kona hii tu. Nijenge kinyumba cha vyumba viwili. Nikichoka kuwaosha wazee wa watu, nije nizeeke mwenyewe hapa."

"Kinyumba cha nini? Chumba chako si kipo juu?"

"Chumba changu umekijaza nyuzi. Nikilala mle nitafumwa, uniuze Iloilo."

Salvacion alicheka mpaka akashika tumbo. Lakini kicheko kilipokwisha, alitikisa kichwa.

"Nikikupa wewe kona leo, kesho Rustico atataka huku mbele. Keshokutwa mtu anajenga kituo cha mafuta, mimi napika ndani ya harufu ya petroli. Hapana. Tukianza kukata, hatutaacha."

"Basi tuandikishane. Sisi watatu. Kila mtu ajue lake, ugomvi uishe."

"Watu waliotoka tumbo moja wanaandikishana nini? Sisi ni wafanyabiashara?"

"Dada..."

"Dominga, twende tukale. Supu inapoa."

Mwaka uliofuata Dominga aliuliza tena. Na mwaka mwingine. Safari nyingine aliuliza kwa simu. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayebisha mlango ambao anajua mwenyewe yumo ndani. Salvacion kila mara alijibu, "Tutaona." Aliamini kwamba mmoja akikataa, hakuna linaloweza kufanyika. Aliamini pia kwamba muda ukipita, wenzake watachoka.

Rustico hakuchoka. Siku moja alikuja na mpima ardhi, kijana mwenye kofia na vifaa vyake vya miguu mitatu. Salvacion aliwaona kutoka dirishani. Alifunga geti kwa mnyororo, akasimama ndani na fagio.

"Dada, fungua. Anapima tu. Kupima si kuuza."

"Mwambie apime fagio hili kwanza. Akitaka nimpe urefu wake mgongoni!"

Majirani walitoka kutazama. Mmoja alipiga makofi. Wengine walicheka. Mpima ardhi alikunja vifaa vyake haraka. Rustico alibaki amesimama nje ya geti la nyumba aliyozaliwa, mbele za watu, uso umemwiva.

"Sawa, dada," alisema. "Sawa."

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena pale. Wakikutana kanisani, alitazama pembeni. Salvacion alijiambia kwamba ameshinda.

Kisha simu ilikuja kutoka Manila. Alikuwa Liezel.

"Mama mkubwa, mama anaumwa. Ni figo. Hospitali wanamsafisha damu."

Salvacion aliomba kuongea na Dominga. Sauti ya mdogo wake ilikuwa nyembamba.

"Usijali, dada. Nikipata nguvu nitakuja nipumzike huko. Nitalala hata kwenye nyuzi zako."

"Njoo. Nitakiondolea chumba chako kila kitu."

Siku hiyohiyo Salvacion alipanda juu, akatoa mabunda ya nyuzi, akafagia, akatandika kitanda. Hakutaja kona. Dominga naye hakutaja.

Dominga hakupata nguvu. Alifia katika chumba cha kupanga, Manila. Liezel alimrudisha nyumbani kwa meli, akiwa ndani ya jeneza. Jeneza liliwekwa sebuleni, chini ya picha ya wazazi, na watu walikuja kusali na kunywa kahawa. Ndiyo ikawa mara ya mwisho Dominga kulala katika nyumba ya mama yake.

Mchana wa siku ya pili Rustico alifika. Alivaa shati jeupe. Alisali, akagusa kioo cha jeneza, akasimama muda mrefu. Kisha akamgeukia dada yake.

"Umempa nafasi sasa?" aliuliza. "Sebule imemtosha?"

Waliokuwa wakicheza karata kibarazani, kama ilivyo desturi ya msiba kwao, waligeuza shingo. Rustico alichukua kofia yake, akatoka.

Baada ya siku tisa za sala, Liezel alirudi Manila kazini. Nyumba ikawa kimya. Salvacion alikaa kwenye mtambo, lakini mikono haikwenda. Aliona nyuzi zinakatika ovyo, akalaumu nyuzi.

Haikupita miezi mingi, asubuhi moja alisikia nyundo. Alitoka mbio. Wanaume wawili walikuwa wakichimbia nguzo za mianzi mbele ya nyumba yake. Mwanamume wa tatu, mnene, amevaa miwani ya jua, alikuwa akiwaelekeza.

"Nyie! Mnafanya nini kwetu?"

"Mama, habari za asubuhi," alisema yule mnene kwa adabu. "Naitwa Demetrio Salas. Nauza saruji na mabati. Nimenunua fungu la ndugu yako Rustico. Theluthi moja. Nachukua huku mbele, panafaa kwa duka."

"Fungu gani? Hakuna fungu hapa! Hii ni nyumba ya mama yangu!"

"Mama, nina karatasi za mauzo."

Salvacion hakusubiri kuziona. Alizing'oa nguzo moja baada ya nyingine, akazitupa barabarani. Bajaji ilikwepa, dereva akapiga honi na kutukana. Bwana Demetrio aliinua mikono.

"Sawa, mama, leo naondoka. Lakini nitarudi. Mimi sikuiba."

Salvacion alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya Rustico. Alikuwa hajafika huko miaka mingi. Alimkuta ndugu yake amekaa nje, bila kazi, karibu na mabati yaliyokunjika. Kibanda chake cha ufundi kilikuwa kimebebwa na kimbunga cha mwaka ule.

"Umeuza!" alipiga kelele. "Umemuuzia mtu baki! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi, dada? Ungenifungulia geti?"

Salvacion alitazama yale mabati.

"Kimbunga kimechukua vifaa vyangu vyote," Rustico alisema. Hakupandisha sauti. "Watoto wanakula nini? Nilikuomba tuuze, ukakataa. Nikakuomba tugawane, ukanitolea fagio. Unafikiri nimetajirika? Demetrio amenipa nusu ya thamani yake. Aliniambia, 'Fungu lako halina mpaka. Nanunua kitu ambacho sijui kinaanzia wapi.' Nikachukua hivyohivyo."

Mke wake alitoka na glasi ya maji, akampa Salvacion. Salvacion alikunywa, akarudi nyumbani kwa miguu.

Jirani yake Felisa, ambaye walifuma pamoja kwenye chama cha wanawake, alimkuta amekaa kwenye ngazi amejishika kichwa.

"Kujishika kichwa hakutamzuia yule mtu wa nguzo kurudi," Felisa alisema. "Kuna mawakili wa serikali mjini. Wasio na uwezo hawalipi. Vaa viatu, twende."

"Wakili wa nini? Nitaonekana namshitaki ndugu yangu."

"Kumuuliza wakili si kushitaki. Ni kuuliza tu. Vaa viatu."

Wakili aliitwa Jovelyn Artates. Alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ya taratibu, meza yake imejaa mafaili. Aliwapa viti, akamsikiliza Salvacion mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Wazazi waliacha wosia?"

"Hapana."

"Mliwahi kugawana? Kuandikishana?"

"Hapana. Nilikataa."

"Basi sikiliza, mama. Mzazi akifa bila wosia, mali ni ya watoto wote kwa pamoja, sawa kwa sawa. Mpaka mgawane, ninyi ni wamiliki wenza. Kila mmoja ana theluthi ya mali yote. Lakini hakuna anayeweza kuonyesha kidole akasema, 'Kipande hiki ni changu.' Si Rustico, si Demetrio, wala si wewe."

"Hata nyumba? Mimi ndiye niliyeishi. Mimi ndiye niliyemuuguza mama."

"Kuishi hapo hakukupi umiliki. Kumuuguza mama ni jambo kubwa, Mungu atakulipa, lakini hakuondoi haki ya wenzako. Kodi ulizolipa na paa ulilotengeneza, hizo walipaswa kuchangia. Ungeweza kuwadai mafungu yao."

"Sikutaka kuwadai. Nilitaka wasiuze."

"Kuuza mali nzima kunahitaji ridhaa ya wote. Hapo kukataa kwako kuna nguvu. Lakini fungu lake mwenyewe, kila mmoja anaweza kuliuza."

Salvacion aliinamisha uso.

"Kwa hiyo Demetrio atajenga?"

"Hawezi kuchagua mbele ya barabara peke yake. Yeye sasa amesimama mahali pa Rustico, basi. Na kuna jambo jingine. Mrithi akimuuzia mtu wa nje kabla ya kugawana, warithi wenzake wana haki ya kulikomboa lile fungu. Mnamrudishia mnunuzi bei aliyolipa, yeye anatoka, ninyi mnaingia. Muda wake ni mwezi mmoja tangu muuzaji awape taarifa ya maandishi. Rustico aliwaandikia?"

"Hakuandika chochote."

"Vizuri kwenu. Lakini msikae mkihesabu kwamba taarifa haijaja. Sasa mnajua. Fanyeni haraka."

Felisa alimgusa Salvacion begani, akatabasamu. Salvacion hakutabasamu. Alikuwa bado ana swali.

"Wakili," alisema, "mdogo wangu Dominga aliomba kona. Kona ndogo ya nyuma. Aliomba miaka mingi. Nilidhani nikikataa mimi, basi, haiwezekani."

"Hapana, mama. Sheria haimlazimishi mtu kubaki katika umiliki wa pamoja asioutaka. Kila mmoja anaweza kudai kugawana. Kwanza mnajaribu kuelewana wenyewe. Mkikubaliana, mnaandika mkataba, mpima anapima, kila mtu anapata hati yake. Mkishindwa, mnakwenda kwenye baraza la usuluhishi la mtaa. Mkishindwa hapo, mahakama inagawa. Na kama kitu hakigawanyiki, kwa mfano nyumba ndogo ya chumba kimoja, mmoja anaweza kuichukua na kuwalipa wenzake. Wasipokubaliana hata hilo, inauzwa, mnagawana pesa."

"Kwa hiyo Dominga angeweza..."

"Wakati wowote. Hata bila ridhaa yako."

"Lakini hakwenda mahakamani."

Wakili alifunga faili. "Labda hakujua," alisema. "Au alijua, hakutaka kukushitaki."

Salvacion alikumbuka kwamba Dominga alifanya kazi miaka mingi katika nyumba ya jaji mstaafu. Yule bibi aliyepooza alikuwa mke wa jaji. Dominga alijua. Salvacion aliweka kichwa juu ya meza ya wakili, juu ya mafaili ya watu wengine, akalia. Wakili alimsubiri.

Siku iliyofuata alimpigia Liezel simu. Alimweleza yote: Demetrio, Rustico, haki ya kukomboa. Alimweleza pia kwamba fungu la Dominga sasa ni lake yeye, Liezel.

"Nina akiba kidogo ya mauzo ya vitambaa," alisema. "Haifiki hata robo."

Kwenye simu ilisikika Liezel akifunga mlango.

"Mama aliacha pesa," Liezel alisema. "Alikuwa anaweka kila mwezi. Hata alipoumwa alikataa tuziguse. Aliziita pesa za kona."

"Liezel, mwanangu..."

"Mama mkubwa, sitaki kukukosea adabu. Lakini nitasema. Alikuwa anachora. Kwenye basi, hospitalini, kwenye karatasi za dawa. Anachora nyumba. Mimi nilimwambia, 'Mama, achana nao, nunua kiwanja kingine.' Akasema, 'Kiwanja kingine hakina dada yangu.'"

Salvacion aliketi kwenye ngazi, simu sikioni.

"Nitazitoa," Liezel aliendelea. "Lakini si ili mambo yabaki kama zamani. Tukishakomboa, tugawane. Tuandikishane. Kila mtu na hati yake."

"Tutaandikishana," alisema Salvacion. "Hata kesho."

Liezel alikuja na pesa, wakakutana wote kwenye ofisi ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa alikaa katikati na wasuluhishi wawili. Bwana Demetrio alikuja na karatasi zake za mauzo. Rustico alikuja mwisho, akakaa karibu na mlango. Wakili Artates alikuwa amewaandikia maelezo mafupi, na mwenyekiti aliyasoma polepole.

"Kwa hiyo nimenunua hewa?" aliuliza Bwana Demetrio.

"Hapana, umenunua fungu halali," alijibu mwenyekiti. "Lakini warithi wenzake wana haki ya kulirudisha kwao wakikulipa bei uliyolipa. Hiyo hapa wameileta."

Bwana Demetrio alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Jamani, ningejua nyumba hii ina moto hivi, nisingesogea. Nirudishieni changu nikajenge kwingine. Mama yule anang'oa nguzo kama anang'oa mchicha!"

Wasuluhishi walicheka. Hata Rustico midomo yake ilicheza. Kisha mwenyekiti akamwuliza kama ana neno.

"Sina," Rustico alisema. "Nimeshauza. Nimeshakula." Alitazama sakafu. "Ila ningepewa kipande changu siku ile ya mpima, nisingeuza. Ningejenga kibanda cha injini palepale barabarani. Basi."

Salvacion aliinuka. Alizungumza kwa sauti ndogo, na watu walilazimika kuinama kumsikiliza.

"Ni kweli," alisema. "Rustico, ni kweli."

Kisha akaketi. Walipotoka nje, Rustico alimshikia dada yake mlango.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu, ingawa si kwa haraka. Salvacion na Liezel waliandika mkataba wa kugawana urithi, wakausaini mbele ya wakili. Rustico alisaini pia, kuthibitisha kwamba fungu lake limeshakombolewa. Tangazo la mkataba lilitolewa gazetini wiki tatu mfululizo, kama sheria inavyotaka, ili kama kuna mtu mwenye madai ajitokeze. Kodi ya urithi ililipwa, pamoja na faini ya kuchelewa. Faini hiyo iliwauma. "Hii ndiyo bei ya 'tutaona'," Salvacion alimwambia Felisa.

Mpima ardhi alikuja. Alikuwa yuleyule, sasa ana tumbo na mvi chache. Alisimama nje ya geti, akasita.

"Fagio lipo wapi leo, mama?"

"Ingia, baba. Nimekupikia choroko na samaki. Pima mpaka uchoke."

Walikubaliana hivi: mbele na nyumba ni ya Salvacion. Nyuma yote mpaka mtoni, pamoja na mifenesi, ni ya Liezel, kwa kuwa ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya pesa za kukomboa. Wakaweka pia njia ya kupita pembeni mwa kiwanja, ili Liezel afike barabarani bila kumwomba mtu. Wakili ndiye aliyewakumbusha kuiandika njia hiyo. "Leo mnapendana," aliwaambia. "Andikeni kwa ajili ya siku ambayo mtakuwa mmenuniana." Mwishowe msajili wa ardhi alitoa hati mbili mpya. Salvacion aliishika yake mikononi. Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kuandikwa juu ya nyumba ile. Miaka yote aliyoificha hati ya wazazi kabatini, jina lake halikuwamo.

Liezel alipata kazi katika zahanati ya Miagao, akaanza kujenga. Vyumba viwili, kibaraza, jiko la nje. Siku ya kupaua, Rustico alitokea na nyundo yake. Hakuna aliyemwita. Alipanda juu, akapiga misumari mpaka jua la mchana likawa kali. Salvacion alimpelekea chakula.

"Shuka ule," alimwambia. "Utaanguka, mkeo anidai."

"Kuna pilipili?"

"Ipo."

Alishuka, akala akiwa amechuchumaa kivulini. Salvacion alikaa karibu naye. Alitamani kumwambia mambo mengi. Alitamani kumwambia kwamba mbele ya barabara kungetosha kabisa kibanda cha injini, kwamba sasa analiona hilo kila akifungua dirisha. Badala yake alisema:

"Upande wa kulia wa nyumba yangu ni mtupu. Nimemwuliza wakili. Naweza kukukodishia kwa maandishi. Bei ndogo kabisa, miaka mingi. Ufungue kazi yako."

Rustico aliweka sahani chini.

"Kwa maandishi?" aliuliza.

"Kwa maandishi. Na sahihi, na mashahidi."

"Umebadilika, dada."

"Nimechelewa," alisema Salvacion.

Rustico alifungua kibanda chake kabla ya mvua kubwa kuanza. Watoto wake walipita kwenye kibaraza cha shangazi yao tena. Kwenye chama cha kufuma, wanawake walianza kumwuliza Salvacion maswali. Felisa mwenyewe alikuwa na ndugu wanne na shamba la minazi la baba yao, na tayari wawili hawasalimiani.

"Kaka yangu mkubwa anasema tusiharakishe," Felisa alisema. "Eti baba hajapoa hata kaburini."

"Wakusanye wiki hii," Salvacion alimjibu. "Wote wakiwa hai. Mgawane au muuze, au mmoja awanunue wengine, shauri lenu. Lakini kaeni mseme, muandike. Mkishindwa nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa. Usiseme 'tutaona'."

"Wewe si ulishinda, lakini? Nyumba imebaki yako."

Salvacion alirusha kijiti cha nyuzi upande wa pili, akavuta, akapiga.

Siku ya kuhamia, Liezel alimwomba mama yake mkubwa atangulie kuingia na chumvi na mchele, kama ilivyo desturi. Salvacion alivaa gauni la kanisani. Alikuja kwa njia ya pembeni, polepole, amekumbatia mabakuli mawili. Nyumba ilinukia mbao mpya. Kutoka kibarazani mto ulionekana wote, mpaka pale unapopinda.

Alivuka kizingiti. Liezel alikuwa nyuma yake.

"Vyumba ni viwili," Liezel alisema. "Mimi sijachagua. Mama mkubwa, unafikiri mama angelala kipi? Cha upande wa mto au cha upande wa nyumba yako?"

Salvacion alitazama chumba kimoja, kisha kingine. Miaka yote ile Dominga alipoomba kona, alikuwa amemkatiza kabla hajamaliza kuieleza.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sikuwahi kumwuliza."

Aliweka chumvi na mchele katikati ya sakafu, akaenda kufungua madirisha ya vyumba vyote viwili.